Droni za Kijeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu ndege zisizo na rubani zinazotumiwa na majeshi: zilikotoka, zinavyofanya kazi, zinavyoharibika na zinavyoua. Msomaji ataona jambo moja likijirudia. Ndege yenyewe ni sehemu ndogo ya habari. Mambo mengi huamuliwa na mawimbi yanayoiunganisha na ardhi, na watu waliokaa upande wa pili wa mawimbi hayo.

Droni ya kijeshi ni nini, na ina tofauti gani na kombora?

Ni chombo kinachoruka bila mtu ndani, kikiongozwa kutoka mbali au kikifuata njia kiliyopangiwa kabla ya kuruka. Kombora nalo halina mtu. Zamani tofauti ilikuwa wazi: kombora likienda halirudi, droni ikienda hurudi. Sasa zipo droni nyingi za kujilipua, na mpaka huo umefifia.

Ukubwa wake unatofautiana mno. Raven ya Marekani ina uzito wa kilo 1.9, askari huirusha kwa mkono, na hukaa angani kati ya dakika 60 na 90. Global Hawk ina mabawa yenye upana wa karibu mita 40 na hupaa kwa zaidi ya saa 30 kwenye kimo cha futi 60,000, juu kabisa ya njia za ndege za abiria.

Jeshi halinunui ndege peke yake. Mfumo mmoja wa Predator, droni ya Marekani, ulikuwa na ndege 4, kituo cha kuongozea, mtambo wa setilaiti na watu wapatao 55 ili kuwe na jicho angani saa 24. Serikali ikitangaza kwamba imenunua "droni tatu", uliza kwanza imenunua vituo vingapi vya kuongozea na imefundisha mafundi wangapi.

Zilianza lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1918, mjini Dayton, Ohio, Charles Kettering alitengeneza ndege ndogo ya mbao iliyobeba kilo 82 za baruti. Haikuwa na redio. Mafundi walipiga hesabu ya umbali na upepo, wakajua injini izunguke mara ngapi kufika. Kihesabio kilipotimiza idadi hiyo, injini ilizimika, mabawa yakaachia na mwili ukaanguka. Vita vilikwisha kabla haijatumika.

Katika Vita Kuu ya Pili, kazi kubwa ya droni ilikuwa kulengwa: wapiga mizinga walifanyia mazoezi ndege ndogo za redio, na za aina ya Radioplane ziliundwa karibu 15,000. Vietnam ndiko zilikopelekwa kwa wingi kupeleleza. Kati ya 1964 na 1975 Marekani ilirusha droni za Ryan zaidi ya mara 3,400. Zilidondoshwa kutoka kwenye ndege kubwa, zikapita juu ya eneo la adui zikipiga picha za filamu, kisha zikashuka kwa parachuti na mara nyingi helikopta ikazidaka zikiwa bado hewani. Picha ilionekana baada ya filamu kusafishwa, saa nyingi baadaye.

Waisraeli ndio walioifanya picha ifike papo hapo. Juni 1982, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, droni zao ziliwachokoza Wasyria wakawasha rada zao, zikaonyesha mitambo ya makombora ilipo, na ndege za kivita zikaipiga. Majeshi mengine yalijifunza kutoka siku hiyo. Abraham Karem, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Israel, ndiye aliyebuni ndege zilizozaa Predator, iliyoruka mara ya kwanza Julai 1994.

Ilianza lini kubeba silaha?

Predator ilirusha kombora la Hellfire kwa majaribio Februari 2001. Oktoba 7 mwaka huohuo, usiku wa kwanza wa vita vya Afghanistan, ilirusha vitani. Kabla ya hapo ilikuwa ndege ya kupeleleza tu. Ilipelekwa Balkani mwaka 1995 ikitokea Albania. Jeshi la Anga la Marekani liliistaafisha Machi 2018, nafasi yake ikachukuliwa na Reaper, ambayo huruka na uzito wa hadi kilo 4,760 ilhali Predator iliishia kilo 1,020.

Ndani ya droni ya ukubwa wa kati kuna nini?

Tuchukue Bayraktar TB2 ya Uturuki, kwa kuwa ndiyo imeenea zaidi Afrika. Mabawa yake ni mita 12, urefu mita 6.5, uzito wa kuruka kilo 700, na mzigo hadi kilo 150. Chini ya mabawa kuna nafasi 4 za mabomu madogo yanayofuata mwanga wa leza. Lililozoeleka, MAM-L, lina kilo 22. Injini ya matoleo yaliyoijengea jina ni Rotax 912 ya nguvu-farasi 100, injini ileile inayofungwa kwenye ndege ndogo za michezo. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 130 kwa saa, sawa na basi la mkoani lililozidisha mwendo. Haikimbii, inakaa. Mwaka 2019 huko Kuwait ilikaa angani saa 27.

Kisha kuna kamera, na hapo ndipo gharama ilipo. Chini ya mwili huning'inia tufe linalozunguka pande zote, lenye kamera ya mchana, kamera ya joto na leza ya kupimia umbali na kumulika shabaha. Kamera ya joto haihitaji mwanga. Inasoma tofauti ya joto kati ya mtu, gari na ardhi. Alasiri kwenye nchi ya jangwa, mchanga ukishika joto la mwili wa mtu, picha hiyo hufifia sana. Hili halitajwi kwenye matangazo ya biashara.

TB2 za mwanzo zilitumia kamera ya Wescam kutoka Kanada. Vita vya Nagorno-Karabakh kati ya Azerbaijan, iliyotumia TB2, na Armenia vilipozuka mwaka 2020, Kanada ilisimamisha uuzaji wake, kisha Aprili 2021 ikafuta vibali kabisa. Waturuki walilazimika kuingiza kamera ya Aselsan ya kwao. Mwenye kamera na injini ana kauli kuliko mwenye kiwanda cha kuunganisha.

Kwa upande mwingine kabisa kuna Orlan-10 ya Urusi. Wanajeshi wa Ukraine walipofungua moja waliyoiteka, walikuta ndani yake kamera ya kawaida ya Canon, kama ya mpiga picha za harusi, imekazwa mahali pake, na tangi la mafuta limefungwa kwa kifuniko cha chupa ya plastiki. Ndege hiyohiyo imeelekeza mizinga mingi ya Urusi. Katika kazi ya kuelekeza mizinga, urembo hauna thamani yoyote. Muhimu ni picha ifike na namba za mahali ziwe sahihi.

Rubani yuko wapi?

Kwa droni kubwa za Marekani, mara nyingi yuko Nevada, kwenye kambi ya Creech, ilhali ndege iko Asia au Afrika. Wanakaa wawili: rubani na mwendesha kamera. Amri zao hupita kwenye nyaya za chini ya bahari hadi kituo cha Ramstein, Ujerumani, kisha kwenye setilaiti, kisha kwenye ndege.

Setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, karibu robo ya sekunde kwa mawimbi ya redio. Picha ishuke, amri ipande, nusu sekunde imekwisha. Ongeza muda wa kubana picha, kuificha kwa msimbo na kuifungua, unapata ucheleweshaji wa sekunde moja hadi mbili. Rubani anaona yaliyokwisha kutokea.

Kwa doria hilo halina shida. Kwa kutua lina shida kubwa: upepo wa ubavuni ukiisukuma ndege mita moja kutoka ardhini, amri itafika ndege ikiwa imeshagonga. Ndiyo maana Predator na Reaper kwa miaka mingi zilikuwa na timu mbili. Timu iliyo kwenye uwanja huirusha kwa antena inayoiona ndege moja kwa moja, huikabidhi kwa timu ya mbali, na huipokea tena inaporudi. Mitambo ya kutua yenyewe imepunguza hitaji hilo, lakini fundi wa kujaza mafuta, kukagua injini na kufunga mabomu bado lazima awe pale ndege ilipo.

TB2 kwa kawaida huongozwa kwa antena ya ardhini, bila setilaiti. Milima ikikaa katikati, au ndege ikishuka chini sana, mawasiliano hukatika. Kwa hiyo jeshi husogeza antena, huiweka juu ya kilima, au huongeza vituo njiani.

Mawasiliano yakikatika kabisa, ndege inafanya nini?

Inafuata mpango uliowekwa kabla ya safari. Kwanza inasubiri muda fulani, labda mawimbi yatarudi. Yasiporudi, inapanda hadi kimo salama, inafuata njia iliyopangwa na kuzunguka mahali palipochaguliwa hadi iunganishwe tena au mafuta yaishe.

Hatari iko kwenye mpango mbaya. Akisahau mtu kuubadilisha baada ya ndege kuhamishiwa eneo lingine, itajaribu kurudi nyumbani kwa njia iliyonyooka, hata kama njia hiyo inapita katikati ya mlima au ndani ya anga la nchi jirani. Septemba 2009 Reaper moja ilikataa amri ikiwa Afghanistan na kuelekea kutoka nje ya anga la nchi hiyo. Wamarekani waliitungua wenyewe kwa ndege ya kivita ya F-15E.

Kwa nini zinaanguka mara nyingi?

Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilionyesha kwamba droni kubwa zaidi ya 400 za jeshi la Marekani zilikuwa zimeanguka katika ajali kubwa tangu 2001. Sababu ziko wazi kwa anayezifahamu ndege hizi.

Ya kwanza ni injini moja. Ikizimika hakuna ya pili. Ya pili ni barafu: mabawa marefu na membamba hushika barafu haraka yakipita kwenye wingu lenye unyevu na baridi, umbo la bawa linaharibika, ndege inapoteza nguvu ya kupaa. Rubani aliye ndani ya ndege angeona barafu kwenye kioo na kuhisi mtikisiko. Aliye Nevada anaona namba za mwendo zikishuka na hajui sababu. Ya tatu ni sisi binadamu. Kwenye vituo vya zamani mkono uleule wa kuongozea ulifanya kazi tofauti kutegemea nani ameshika zamu, na mtu akikabidhi kiti bila kulinganisha mikono ya pande mbili, anaweza kuzima injini bila kukusudia.

Wakati mwingine inaangukia watu. Oktoba 5, 2006, droni ya Ubelgiji iliyokuwa kwenye kikosi cha Ulaya cha kulinda uchaguzi wa Congo ilianguka Kinshasa, ikamuua mtu na kujeruhi wengine. Silaha hazikuhusika kabisa; injini na mwili wa ndege juu ya jiji lenye msongamano vilitosha.

Adui huvurugaje mawimbi ya droni?

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupiga kelele: mtambo wa ardhini hutoa mawimbi yenye nguvu kwenye masafa yaleyale ya droni, sauti halisi isisikike. GPS ni rahisi kuzibwa kwa sababu setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu na mawimbi yake yanafika ardhini yakiwa hafifu mno. Ya pili ni kughushi: mtambo hutuma mawimbi yanayofanana na ya GPS lakini yenye hesabu ya uongo, droni ikaamini iko kwingine.

Kinga zipo. Ndege kubwa zina vipimo vya ndani vinavyokadiria mahali kwa kuhesabu kila mwendo na mgeuko. Tatizo lake ni kwamba kosa dogo hukua kila dakika, kwa hiyo zinatosha kwa muda tu. Nyingine hutumia antena zenye vipande vingi zinazoziba masikio upande kelele inakotoka. Nyingine hulinganisha picha ya ardhi na ramani iliyohifadhiwa ndani.

Kuna kosa la zamani zaidi: kutoficha picha kabisa. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba wapiganaji nchini Iraq walikuwa wakitazama picha za Predator kwa programu ya kompyuta iliyouzwa takriban dola 26. Hawakuingilia uongozaji wa ndege. Walinasa tu matangazo yaliyotoka setilaiti bila kufungwa kwa msimbo, wakajua wanatazamwa wapi.

Shahed ni nini, na kwa nini inatajwa kila siku?

Shahed-136 ni droni ya kujilipua iliyobuniwa Iran. Ina umbo la pembetatu, upana wa mita 2.5, urefu wa mita 3.5, uzito wa kama kilo 200, na injini ndogo ya pistoni inayosikika kutoka mbali. Kasi yake ni kama kilomita 185 kwa saa. Urusi ilianza kuirusha Ukraine Septemba 2022, ikaiita Geran-2, na sasa inaiunda yenyewe huko Yelabuga, Tatarstan.

Kasi hiyo ni ndogo na ndege yoyote ya kivita inaipata. Ugumu uko kwenye hesabu. Shahed moja hukadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora moja la Patriot la kuitungulia linakaribia dola milioni 4. Zikirushwa mia moja usiku mmoja, pamoja na za uongo zisizo na baruti, mlinzi anachagua kati ya kumaliza akiba yake ya makombora au kuacha mitambo ya umeme ipigwe. Waukraine walijibu kwa bunduki za rashasha juu ya malori, vipaza sauti vya kutegea mlio wa injini, na baadaye droni ndogo za kukimbiza na kugonga, zinazogharimu dola elfu chache.

Na zile ndogo zinazoongozwa kwa miwani?

Huitwa FPV. Ni fremu ya kaboni, mota 4, betri ya lithiamu, kamera ndogo na redio mbili: moja ya kupokea amri, nyingine ya kurusha picha. Mwongozaji huvaa miwani na kuona inachokiona droni. Betri humpa dakika 10 hadi 20 hivi. Bei ni mamia ya dola. Kwa mujibu wa serikali ya Ukraine, nchi hiyo iliunda zaidi ya milioni 1 mwaka 2024 pekee, na mwaka huohuo ikaanzisha tawi zima la jeshi kwa ajili ya vyombo visivyo na mtu.

Nyingi hazifiki. Zinavurugwa, betri inakwisha kwa baridi, picha inapotea zinaposhuka nyuma ya miti dakika ya mwisho. Kwa sababu hiyo pande zote mbili, hasa tangu 2024, zimerudi kwenye waya: uzi mwembamba wa faiba, kilomita 10 hadi 20, unaojikunjua kutoka kwenye bobini droni inapokwenda. Hakuna redio, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga, na picha inabaki safi hadi mwisho. Gharama yake ni uzito wa bobini, mwendo mdogo, na uzi kukatika ukinasa kwenye tawi au ukuta. Mashamba ya mashariki mwa Ukraine sasa yamefunikwa na nyuzi hizo. Juani zinameta kama utando.

Kwa askari wa miguu hili limebadilisha kila kitu. Kusogea na gari mchana ndani ya kilomita 10 za mstari wa mbele kumekuwa hatari ya kifo, na majeruhi wanasubiri usiku ili wachukuliwe. Juni 1, 2025, Ukraine ilionyesha kwamba hata umbali haulindi: ilirusha droni 117 zilizofichwa ndani ya vibanda vya mbao juu ya malori, karibu na viwanja vya ndege za kivita ndani kabisa ya Urusi.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Kwa miaka mingi, kama kituo. Marekani iliweka Reaper Ushelisheli mwaka 2009. Mbili zilianguka kwenye uwanja wa Mahé, Desemba 2011 na Aprili 2012. Djibouti, ndege hizo zilihamishwa mwaka 2013 kutoka kambi ya Lemonnier, inayotumia uwanja mmoja na ndege za abiria, hadi Chabelley, baada ya ajali kadhaa. Uganda na Burundi zilipangiwa Raven na Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya askari wao waliokuwa Mogadishu. Januari 5, 2020, al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Waliingia kwa miguu, kutoka vichakani.

Sasa eneo letu lina wanunuzi wake. Ethiopia ilitumia droni za Uturuki, China na Iran katika vita vya Tigray; Januari 2022 shambulio la Dedebit liliua watu zaidi ya 50 waliokuwa wamekimbilia shuleni. Somalia, Amnesty International iliripoti raia 23, wakiwemo watoto 14, waliouawa Machi 18, 2024, kwa mabomu ya TB2 katika Shabelle ya Chini. Mei 2025 Port Sudan, mji uliokuwa kimbilio, ulipigwa kwa droni siku mfululizo, uwanja wa ndege na matangi ya mafuta vikaungua.

Umoja wa Mataifa ulizitumia vipi Congo?

Desemba 3, 2013, mjini Goma, MONUSCO, kikosi chake cha kulinda amani nchini humo, ilizindua droni za Falco za Italia, zisizo na silaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kuwa na droni zake za upelelezi. Falco ina mabawa ya mita 7.2 na uzito wa kilo 420. Kazi ilikuwa kufuatilia makundi ya waasi na njia za silaha mpakani. Mei 2014 moja iliona mashua inazama Ziwa Kivu. Boti za uokoaji zikaelekezwa, na watu 14 wakaokolewa.

Mipaka yake ilionekana mapema. Msitu wa Congo huficha kilicho chini ya majani, iwe kwa kamera ya mchana au ya joto. Mawingu ya alasiri Kivu huwa mazito. Na taarifa haisaidii kama hakuna kikosi cha kwenda: kuona wanakijiji wakihamahama ni jambo moja, kufika kwao kabla ya usiku ni jambo lingine.

Kama kamera ni kali hivyo, kwa nini raia wanauawa?

Kwa sababu kamera inaonyesha umbo, na binadamu ndiye anayeamua umbo hilo ni nani. Mfano ulio wazi zaidi ni Kabul, Agosti 29, 2021. Siku tatu baada ya bomu la uwanja wa ndege, Wamarekani walikuwa wakitafuta gari jeupe aina ya Toyota Corolla. Jijini Kabul gari hilo liko kila kona. Walipata moja, wakaifuata kama saa nane. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Alisimama hapa na pale, akapakia vyombo vya maji. Kwenye skrini, kila kituo kilionekana kama hatua ya njama na kila chombo kama kilipuzi. Gari lilipoingia uani, kombora la Hellfire lilirushwa. Walikufa watu 10, wakiwemo watoto 7. Jeshi la Marekani lilikiri kosa Septemba 17.

Uchunguzi wake wenyewe ulikuta kwamba mtoto mmoja alionekana kwenye picha dakika mbili kabla ya kombora. Lenzi haikuwa na kasoro. Waliokwisha amini walichokuwa wakitazama hawakumwona. Kuongeza ukali wa kamera hakutibu hilo. Tiba ni kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema "bado", na taarifa kutoka ardhini zisizotegemea skrini hiyohiyo.

Kuna pia tatizo la upana. Ukivuta karibu uone uso, unapoteza barabara. Mtu anayekuja kutoka pembeni, nje ya fremu, anaingia wakati kombora liko hewani kwa sekunde zake chache za mwisho.

Zipo zinazojiamulia zenyewe kuua?

Zipo zenye uwezo wa sehemu hiyo. Baadhi ya droni za kujilipua za Israel hutafuta mawimbi ya rada na kuyafuata bila kusubiri amri. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Machi 2021 iliitaja Kargu-2 ya Uturuki, Libya, kama silaha iliyopangwa kushambulia bila kuhitaji kuunganishwa na mwongozaji. Ukraine, akili unde hutumiwa zaidi kwa mita za mwisho: mwongozaji huchagua shabaha, na mawimbi yakikatika programu hubaki nayo. Programu huchanganyikiwa na kivuli, moshi, wavu wa kuficha na magari yanayofanana.

Mikataba ya Geneva haiondolewi na hayo. Aliyeamuru anatakiwa kutofautisha raia na mpiganaji na kupima madhara, na nchi zilizoridhia Itifaki ya Kwanza ya 1977 zinatakiwa, kwa Kifungu cha 36, kuchunguza kila silaha mpya kabla ya kuitumia.

Nani anaruhusiwa kuuza?

Makubaliano ya mwaka 1987 kuhusu teknolojia ya makombora huwataka wanachama wajizuie kuuza chombo kinachobeba kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300. Reaper iliangukia humo. China si mwanachama, ikauza za kwake Iraq, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Nigeria. TB2, kwa kilo zake 150, ilipita chini ya mstari huo. Julai 2020 Marekani ililegeza tafsiri yake kwa droni za mwendo usiofika kilomita 800 kwa saa.

Tunaona matangazo ya kazi na masomo Urusi kwa wasichana. Yana uhusiano na droni?

Baadhi, ndiyo. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu programu ya Alabuga Start, iliyoajiri wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi kama Uganda, Rwanda, Kenya na Sudan Kusini. Waliahidiwa tiketi, mshahara na mafunzo ya hoteli na mapishi. Walifika na kupelekwa kuunganisha droni kwenye kiwanda cha Yelabuga kinachounda Shahed, wengine wakilalamika kuungua ngozi kwa kemikali. Kiwanda hicho ni shabaha ya kivita: Aprili 2, 2024, droni za Ukraine zilipiga eneo hilo, hosteli ikiwemo, na watu wakajeruhiwa.

Kabla ya kusaini, angalia mji wa kazi kwenye mkataba. Ukiona Yelabuga au Alabuga, Tatarstan, fahamu unakokwenda. Dai mkataba kwa lugha unayoisoma, unaotaja kazi yenyewe. Usimkabidhi mtu pasipoti yako. Waachie ndugu nakala za hati zote, na uwe na namba ya ubalozi wa nchi yako Moscow kabla ya kupanda ndege.

Nikikuta mabaki ya droni shambani nifanyeje?

Usiiguse, usiisogeze, usiipige teke, hata kama imevunjika vipande. Bomu lisilolipuka linaweza kulipuka kwa mtikiso mdogo, na betri ya lithiamu iliyopasuka huweza kuwaka saa kadhaa baadaye kwa moto ambao ndoo ya maji haitoshi kuuzima. Usipige simu ukiwa umesimama juu yake. Rudi kwa njia uliyojia, ukikanyaga ulipokanyaga. Watoe watoto kwanza, halafu mifugo. Weka alama kwa mbali: kitambaa, matawi, mawe, njiani na si pembeni ya chombo chenyewe. Kisha toa taarifa polisi, kwa mwenyekiti wa kijiji au chifu, au kwa kikosi cha kutegua mabomu kama kipo eneo lako, ukitaja mahali, ukubwa, rangi na kama kuna moshi au harufu ya mafuta. Ukiona uzi mwembamba unatokea kwenye mabaki, usiuvute wala kuufuata: upande mmoja wake uko kwenye droni, na wa pili ulikuwa mikononi mwa aliyeirusha.